Kidonda cha konea (utando angavu wa mbele ya jicho): mbona mama anachelewa kupona?

Swali: Wakuu, mama alichomwa jicho na jani kavu. Maabara walikwangua kidonda wakakuta fangasi. Tunamwekea matone ya natamaisini (dawa ya fangasi) kila saa, usiku pia, lakini weupe bado upo. Jirani mwenye kidonda cha bakteria alipona upesi!

Jibu: Pole sana. Fangasi huzama ndani ya konea, na dawa hiyo hupenya kwa shida. Huchukua wiki kadhaa. Msiache. Sukari amepimwa? Kisukari huchelewesha kidonda kufunga.

Jibu: Kabla ya hospitali alitumia matone ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na wekundu)? Hayo huipa fangasi nafasi ya kusambaa. Tena kidonda kikiwa mbele ya mboni, kovu hufifisha kuona hata maambukizi yakiisha.

Muulizaji: Alitumia, daktari akayasimamisha. Kidonda kiko pembeni. Sukari tunapima kesho asubuhi.