Naomba ushauri: hoteli ya jumba la kifalme na mama hawezi ngazi

Asalam alaykum ndugu zangu, nna jambo limenikwama. Bi mkubwa anakuja kutoka Wete wiki ijayo, nkataka nimlaze siku mbili hoteli hapa Mji Mkongwe, jumba walokaa jamaa wa Sultani kabla ya 1964, milango ya njumu, vitanda vya besera, raha tupu. Kumbe chumba ghorofa ya tatu, lifti hamna, ngazi za kizamani zimesimama wima na yeye magoti yanamsumbua. Nshawapigia, wanasema chini mapokezi na mkahawa tu, na jumba la urithi hawawezi kulivunjavunja watie lifti. Nusu ya pesa nshalipa. Walowahi kulala majumba kama haya, lipo lenye chumba cha chini? Na adivansi huwa wanarejesha ukiwahi kuomba?