Familia ya Ngaramtoni 🐄

Shangazi Nai: Jamani mlifika salama jana? Kelvin mwanangu, tumbo linaendeleaje?

Kelvin: Shikamoo shangazi. Limetulia. Usiku liliunguruma mpaka nikakosa usingizi

Mjomba Saitoti: Glasi mbili za maziwa tu! Kijana wa Arusha gani huyu 😂

Mama Kelvin: Kaka acha. Labda hayakuchemka vizuri

Shangazi Nai: Weee! Yalichemka mpaka yakafurika jikoni

Eva: Shikamooni wakubwa. Shangazi hana kosa. Moto unaua vijidudu, sukari ya maziwa inabaki palepale. Hiyo laktosi lazima ikatwe kwanza iwe glukosi na galaktosi ndipo utumbo mwembamba uinyonye. Kinachoikata ni kimeng'enya, laktesi. Kikiwa kidogo, sukari inateremka utumbo mpana, bakteria wanafanya sherehe: gesi, muungurumo, kuharisha

Mjomba Saitoti: Mbona utotoni alikuwa anayafakamia?

Eva: Watoto wachanga karibu wote wanacho. Jeni yake, yaani maagizo ya mwili ya kukitengeneza, inaitwa LCT, iko kromosomu ya 2. Kwa watu wengi duniani inapunguza kazi baada ya kuacha ziwa. Wengine wana badiliko linaloifanya iendelee ukubwani, na cha ajabu badiliko lenyewe limekaa kwenye jeni ya jirani, MCM6

Mjomba Saitoti: Yaani swichi ya taa yako iko kwa jirani 😂

Eva: Ndiyo hivyo! Mwaka 2007 mtafiti wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walitoa utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Badiliko la huku kwetu ni herufi moja tu ya DNA, G imekuwa C, tofauti na lile la Wazungu wa kaskazini. Walikadiria lina miaka kati ya 2,700 na 6,800

Mjomba Saitoti: Basi sisi wafugaji tunalo. Tumbo hili katoa Kilwa kwa baba yake

Mama Kelvin: Kaka!! Baba Kelvin yumo humu

Baba Kelvin: Nawasoma tu shemeji 😀

Eva: Nakala moja ya badiliko inatosha, ya baba au ya mama. Ila si kila mfugaji anayo, na mama mwenye moja anaweza asimpe mtoto. Hata wewe mjomba hujapimwa

Mjomba Saitoti: Lita nzima kila asubuhi, kipimo gani tena?

Shangazi Nai: Bibi anasema Kelvin arudi, kuna mtindi kwenye kibuyu

Kelvin: Eva, mtindi si maziwa yaleyale?

Eva: Bakteria wameshakula sehemu ya sukari, na wana kimeng'enya chao. Anza na kikombe kidogo

Baba Kelvin: Na sisi wa Kilwa tubakizieni