Mkanda wa jeshi umepona, mama bado anaungua

Kutoka: dada wa Leicester

Asalaam aleikum ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni.

Naomba mawazo yenu. Mama yangu ana miaka 71, naishi naye hapa Leicester. Mwezi wa tano alishikwa na mkanda wa jeshi upande wa kushoto, kutoka mgongoni mpaka chini ya titi. Malengelenge yalikauka yakabaki makovu. Sasa ni Oktoba na usiku bado analia. Anasema panaungua, mara hupita kitu kama shoti ya umeme. Shuka likimgusa anashtuka. Sidiria haivai tena, kwa hiyo hatoki: darsa la wanawake ameliacha, harusi haendi.

Panadol hazifui dafu. GP, yaani daktari wetu wa mtaa, alimwandikia amitriptilini ya miligramu 10. Mjukuu akasoma karatasi ya ndani akamwambia bibi hii ni dawa ya sonona, basi mama akaitia kabatini. "Mimi sina wazimu, nina maumivu." Na hataki mtu ajue kama ulikuwa mkanda wa jeshi. Nyote mnajua kwetu watu husema nini.

Kutoka: muuguzi, Leeds

Wa aleikum salaam dada. Mpe mama pole nyingi, na mwambie maumivu yake ni ya kweli wala hatii chumvi.

Nianze na hilo la aibu, maana ndilo linalowafanya wazee wetu waumie kimya. Miaka ya tisini kwetu, mtu akitoka mkanda wa jeshi alikuwa ameshahukumiwa kuwa ana UKIMWI. Ni kweli VVU huongeza uwezekano wa kuupata, kwa sababu kinga imeshuka. Lakini umri peke yake unatosha kuishusha. Virusi ni vilevile vya tetekuwanga ya utotoni: mtu akipona havitoki mwilini, hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, na kinga ikilegea vinaamka na kuufuata mshipa mmoja. Ndiyo maana hukaa upande mmoja. Mama wa miaka 71 hana la kumficha mtu.

Sasa maumivu. Ngozi imepona, mshipa umejeruhiwa, nao unaendelea kupeleka habari ya maumivu ilhali hakuna kidonda. Yakizidi miezi mitatu tangu upele utoke, madaktari wanayahesabu kuwa tatizo linalojitegemea, na wazee ndio linaowaandama zaidi. Panadol mara nyingi haifiki huko. Amitriptilini inafika. Ilianza kama dawa ya sonona, lakini kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa, na hiyo miligramu 10 ni kipimo cha kuanzia tu. Mama asitegemee alale leo aamke mzima. Dawa hii huchukua wiki moja au mbili kuanza kuonekana, na wiki kadhaa kufika nguvu yake yote, huku daktari akiipandisha polepole. Anywe mapema jioni kuliko wakati wa kulala, ili asubuhi asiamke na uzito kichwani. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu. Usiku akiamka akae kwanza kitandani kabla ya kusimama, maana kizunguzungu kinaangusha wazee. Kama ana ugonjwa wa moyo au presha ya macho, daktari ajue kabla hajaanza tena.

Ikishindikana, kuna gabapentini, pregabalini na duloksetini. Halafu kuna plasta za lidokeini, ambazo mimi nazipenda kwa wazee kwa sababu hazileti usingizi: zinabandikwa penye maumivu kwa muda usiozidi saa kumi na mbili, kisha panapumzishwa kwa saa nyingine kumi na mbili. Hapa England ma-GP wameelekezwa wasiziandike ovyo, ila maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi yameachwa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo msiseme tu "mama anaumwa ubavu". Semeni ni baada ya mkanda wa jeshi, ulianza mwezi fulani, panaungua, panapiga shoti, nguo ikigusa panauma, halali. Mama aseme mwenyewe kwa Kiswahili. Mkipiga simu kuomba miadi mwombe mkalimani, ni bure. Mambo ya chini ya titi mzee hataeleza yote mbele ya mjukuu.

Kutoka: mzee wa Coventry

Binti yangu, mimi ulinipata kiunoni. Amitriptilini haikunifaa kwa sababu ya tezi dume, mkojo ukawa unagoma, nikabadilishiwa gabapentini. Mwanzoni nilikuwa nayumba, gari sikugusa. Figo zangu zilipimwa kwanza, ndipo kipimo kikapangwa. Usimwachishe ghafla hata akipata nafuu. Hupunguzwa kidogo kidogo. Mchana mimi hujifunga kanga kuukuu ya marehemu mke wangu, pamba iliyofuliwa mpaka ikalegea, chini ya shati. Nguo mpya inakwaruza. Dawa za kuchua zenye ukali, wala msijaribu.

Kutoka: dada wa Leicester

Ahsante sana baba, ahsante dada. Mama nimemsomea yote, kanga amezitoa sandukuni leo hii. Ameniuliza mambo mawili: chanjo ingemsaidia? Na dawa zitasafiri vipi, maana Desemba tunakwenda Tanga kupitia Dubai, na hapo Dubai tutalala siku mbili kwa mjomba?

Kutoka: muuguzi, Leeds

Chanjo haitibu maumivu aliyonayo, inapunguza uwezekano wa mkanda kurudi. Hapa Uingereza wenye miaka 70 hadi 79 wanachanjwa bure, sindano mbili, na aliyekwisha kuugua naye hupewa. Mwulizeni nesi wa GP asubiri muda gani. Wewe na ndugu zako mkiona malengelenge upande mmoja, nendeni siku hiyohiyo: dawa ya kuzuia virusi inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Yakitokea karibu na jicho, msingoje hata kesho.

Safari: akiwa kwenye amitriptilini, beba kwenye mkoba wa mkononi, katika boksi lenye jina lake, pamoja na barua ya GP. Akibadilishiwa pregabalini, Dubai ni dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo ombeni kibali cha serikali yao kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka. Hapa nako pregabalini na gabapentini zinadhibitiwa tangu Aprili 2019, na cheti cha daktari cha kuchukulia dawa hizo kinaisha baada ya siku 28. Mwone GP Novemba mapema, mwambie tarehe za kwenda na kurudi, ahesabu vidonge vya safari nzima.