Mtoto wa mfalme kupewa uaskofu mkuu: nani alidhulumiwa?

Wakuu, naomba tujadili. Mwaka 1504 kiti cha Askofu Mkuu wa St Andrews, kikubwa kuliko vyote Uskoti, kilikwenda kwa Alexander Stewart, ambaye Mfalme James IV alimzaa na Marion Boyd nje ya ndoa. Alikuwa na miaka kama 11! Mtaguso wa Laterano wa 1179, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulishaagiza askofu awe ametimiza miaka 30 na awe mtoto wa ndoa.

Wapo wanaosema kijana alitokea kuwa msomi safi, basi hakuna kilichoharibika. Nakataa. Kuzaliwa nje ya ndoa hakunisumbui, mtoto hachagui wazazi. Kinachonisumbua ni mali. Kabla yake kiti alikalia James, mdogo wake mfalme, tangu 1497. Mdogo mtu kafariki, kikahamia kwa mtoto, na mapato ya jimbo hayakutoka mikononi mwa ukoo ule. Waumini wanatoa zaka, mchungaji wao bado anafundishwa kusoma.

JIBU: Mkuu, hapo unamwonea. Huyu alisomeshwa na Erasmus mwenyewe, yule mwanazuoni maarufu wa Uholanzi, huko Italia, Padua na Siena, mwaka 1508 na 1509. Alikuwa haoni mbali, akisoma kitabu kinamgusa pua, na bado alikomaa na sheria na Kigiriki. Aliporudi, mwaka 1512 akashirikiana na John Hepburn, mkuu wa watawa wa St Andrews, kuanzisha Chuo cha St Leonard. Wazee wangapi waliokaa kwenye viti vile waliacha chuo?

MLETA MADA: Hayo yote nayakubali. Ongeza na pete aliyompa mwalimu wake, yenye sura ya Terminus, mungu wa mipaka wa Warumi. Erasmus akaifanya muhuri wake. Ndiyo maana inaniuma. Tarehe 9 Septemba 1513 askofu mkuu huyu alikuwa uwanja wa vita Flodden, kaskazini mwa Uingereza, katika vita ya baba yake. Baba na mwana waliuawa siku hiyo hiyo. Kijana wa miaka kama 20, asiyeona herufi mpaka aisogeze puani, ndani ya mapigano ya mikuki! Erasmus alimlilia kwa maandishi, akihoji mtu wa Kristo alifuata nini vitani.

Baba alimpa kiti, baba akaenda naye vitani. Mnaosema hakuna kilichoharibika, yeye mnamhesabu wapi?