Mirambo alikuwa nani hasa? Mwenye madini amwage

Wakuu heshima zenu. Leo nimepita Mtaa wa Mirambo pale Posta na dogo langu, akaniuliza Mirambo ni nani, nikaishia "mtemi wa Wanyamwezi" basi, nikaishiwa. Aibu tupu. Jamaa alifanya nini hasa?

MtotoWaUrambo:
Umegusa kwetu mkuu. Jina lake ni Mtyela Kasanda, Mirambo ni jina la vita, kwa Kinyamwezi ni maiti, sasa mtu anajiita Maiti we utaenda kupigana nae? Alirithi kautemi kadogo tu ka Uyowa, akaiga upiganaji wa Wangoni, akakusanya rugaruga, yaani wapiganaji wake, vijana watupu wasio na wake maana mwenye familia huwa anawaza kurudi nyumbani. 1871 akafunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, pembe za ndovu zikakwama. Waarabu wa Tabora wakamfuata wakateka boma lake moja, wanarudi na nyara zao wanachekelea kumbe jamaa kawalalia njiani, akawachakaza, na siku chache baadae akaingia Tabora yenyewe akachoma nyumba 😂

Mzee wa Kahawa:
Utamu uko hapa sasa, upande wa Waarabu alikuwepo Stanley, yule mwandishi wa habari mzungu, yuko njiani kumtafuta mmisionari Livingstone, akatimua mbio na homa yake. 1876 wanakutana uso kwa uso, mzungu anategemea jambazi anakuta mtu mpole, anaongea taratibu, wakachanjiana undugu wa damu. Ndo akamwita Napoleon wa Afrika, ila mi hilo jina silipendi, kwani Mirambo peke yake halitoshi?

nyuki mkali:
Msimpake mafuta tu jamani, hao rugaruga walichoma vijiji na kubeba mateka, waliochomewa walikuwa Waafrika wenzao.

MtotoWaUrambo:
Kweli, sikatai. Ila hata Waarabu mwishowe walikaa nae mezani 1875, misafara ikawa inapita kwa kulipa hongo (hongo ya enzi hizo ilikuwa ushuru halali, msije mkaanza). Akafa Desemba 1884 kwa ugonjwa wa koo, akashika ndugu yake Mpandashalo na dola ikameguka haraka, kila kitu kilikuwa kinamtegemea yeye mwenyewe.

Muuliza swali:
Asanteni wakuu. Nimemsomea dogo yote, swali lake ni moja tu, rugaruga walikuwa wanalipwa shingapi?

Mzee wa Kahawa:
Mwambie nyara. Hujapigana huli.