Naombeni ushauri: sandwichi ya jibini inalowa nikiweka vitunguu vya siki

Wakuu, kitunguu chekundu kimoja kikubwa nakikata vyembamba. Nachemsha siki nyeupe nusu kikombe, maji nusu kikombe, sukari kijiko cha chakula na chumvi kijiko cha chai, namwagia, naacha saa 1. Vitunguu vinatoka vizuri sana, vya pinki.

Shida ni kwenye kikaango. Slesi 2, siagi upande wa nje, cheddar iliyokunwa gramu 60, moto mdogo, dakika 4 kila upande. Nje rangi ya dhahabu, ndani mkate tepetepe na jibini inateleza. Kuvichuja dakika 10 hakutoshi. Je, nivikamue kwa kitambaa na kuvizungushia jibini juu na chini, siki isiguse mkate? Au niviweke jibini ikishayeyuka?