Kiko cha marehemu babu kimeota ukungu: nikitunze vipi?

Mjukuu wa Pangani:
Ndugu zangu, marehemu babu aliniachia kiko cha mti ambacho alikivuta kila jioni barazani. Mimi sivuti tumbaku, lakini ningependa kukihifadhi kama alivyokiacha. Baada ya masika nilikitoa kwenye mfuko wa nailoni nikakuta bakuli limeota ukungu mweupe, mrija uliokuwa mweusi umegeuka rangi ya kijani iliyochujuka, na hautoki tena kwenye shina. Je, nikiloweke katika maji ya moto yenye sabuni?

Seremala wa Tanga:
Tafadhali usikiloweke. Viko vingi vya mti huchongwa kutokana na kinundu cha mzizi wa Erica arborea, mti wa nchi za Mediterania unaoota pia kwenye milima yetu mirefu kama Kilimanjaro. Kinundu hicho huchemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu, kisha hukaushwa kwa miezi. Ukikilowesha upya huvimba, na kikikauka kwa haraka huweza kupasuka. Naamini unyevu uliofungiwa ndani ya nailoni ndio uliokaza mrija. Kiweke kivulini penye hewa kwa wiki moja, na ukibaki umekaza, kitie kwenye friza kwa nusu saa, halafu uuzungushe taratibu kwa mkono bila kuuvuta. Koleo lisikiguse.

Mzee wa Moshi:
Mjukuu wangu, ukungu ufute kwa pamba iliyochovywa kidogo katika vodka, wala usitumie spiriti ya kuwashia jiko, kwa sababu huwa na methanoli, ambayo ni sumu. Ndani ya bakuli utaona ukoko mweusi kama ule wa sufuria ya wali. Usiukwangue wote, kwani ndio uliokinga mti na moto miaka yote hiyo. Unene wa milimita 1 unatosha, maana ukizidi mno hutanuka kwa joto na kupasua bakuli. Mrija bila shaka ni wa eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, na mwanga ndio unaouchujua. Msasa laini ungeurudishia weusi wake, lakini ungefuta pia alama za meno ya babu yako, nami nisingethubutu. Viko vyangu navisimamisha bakuli likiwa chini, mbali na jua, ili unyevu usitulie shinani, na shina nalisafisha kwa unyoya wa kuku kama nilivyofundishwa.

Mjukuu wa Pangani:
Shikamoo mzee wangu, nawe fundi ahsante sana. Mrija umezunguka leo asubuhi, siku ya tisa. Alama za meno nimeziacha. Shinani nimekuta kipande cha unyoya mweupe wa kuku, kimeganda kwa lami ya tumbaku, nami nimekihifadhi pamoja na kiko kwenye kisanduku cha mti kisicho na kifuniko.